Machi ya makufuli: shajara ya draiva ya vyumba baridi

Jumatatu, Machi 3

Bodi ya ghalani imeganda tena, mara ya tatu tangu Februari ianze. Safari hii mteja hakupiga simu. Ametuma picha ya skrini iliyosimama saa nane na dakika kumi usiku, bila neno hata moja chini yake. Afadhali angenifokea.

Kwa atakayeisoma shajara hii bila kujua tulikotoka: tunaandika draiva ya Linux (msimbo unaoiwezesha kerneli, moyo wa mfumo, kuongea na kifaa) ya kadi inayopima joto na mtetemo wa kompresa za vyumba baridi vya maua, huko upande wa uwanja wa ndege. Kadi ina njia nane za vipimo na imeunganishwa kwa SPI, njia ya waya ya kuwasiliana na vifaa, kwenye bodi ndogo yenye prosesa nne na memori ya megabaiti 512. Draiva huvuta vipimo na kuviweka kwenye bafa ya mviringo, eneo la memori linalojazwa kwa kuzunguka. Programu huiona bafa hiyo moja kwa moja kupitia mmap, wito unaoiweka bafa kwenye ramani ya memori ya programu, na mipangilio huiandika kwa write, wito wa kawaida wa kuandika. Kerneli ni 6.12. Tuko watatu: mimi, Fundi aliyeitengeneza kadi yenyewe, na kijana wa mafunzo kazini aliyetujia Januari. Kijana ana haraka ya kujua kila kitu, jambo ninalolipenda nikishakunywa chai.

Hapa kwenye meza yetu Ngara, Nairobi, bodi ya pili, yenye memori ya gigabaiti nne, ina siku kumi na moja haijazimwa. Ya ghalani haimalizi wiki mbili.

Jumanne, Machi 4

Leo bodi ya mezani nayo imeganda, ila kwa ugonjwa mwingine, na huu tumeuzaa wenyewe asubuhi hii.

Kijana aliongeza kihesabu cha vipimo vilivyopotea, akakilinda kwa spinloki: kufuli linalozuia wawili kugusa data moja kwa pamoja, na anayelikosa huzunguka akisubiri bila kulala. Kihesabu kinaguswa mahali pawili: ndani ya kishughulikia interapti (msimbo unaokimbia kifaa kinapoikatiza prosesa), na ndani ya fanksheni inayojibu mtu akisoma faili la sysfs, faili ambalo draiva huonyeshea hali yake. Kote kuwili aliita spin_lock tupu. Sasa fikiria prosesa namba mbili iko kwenye sysfs, imefunga kufuli, haijafungua. Interapti inatua kwenye prosesa hiyo hiyo. Kishughulikia kinalitaka kufuli lile lile, hakilipati, kinazunguka kikisubiri. Mwenye kufuli amelala chini ya kishughulikia, hawezi kuendelea mpaka hiki kimalize, na hiki hakimalizi mpaka yeye aendelee. Ni kujipigia simu mwenyewe halafu ukakasirika kwamba laini ina shughuli.

Kilichomtisha kijana ni ukimya. Alitarajia kerneli ipige kelele kwamba prosesa imeganda. Lakini mlinzi wa kawaida wa prosesa zilizoganda hutegemea interapti ya saa ya prosesa ile ile, na pale interapti zimezimwa. Tulikaa tukiutazama waya wa siriali, unaoleta ujumbe wa kerneli. Baada ya kama sekunde 21 prosesa nyingine ndiyo iliyosema kwamba RCU, utaratibu wa kerneli unaosubiri kila prosesa ijibu, imemsubiri mwenzake namba mbili na hajibu. Sekunde 21 ni muda mrefu sana mkiwa wawili mmeinamia skrini moja.

Dawa inajulikana. Upande wa sysfs unataka spin_lock_irq, inayozima interapti mpaka kufuli lifunguliwe, kwa sababu pale tuna hakika interapti ziko wazi, na ndani ya kishughulikia spin_lock tupu inatosha.

"Dada, si tuweke irqsave kila mahali tukae salama?"

Nimemkatalia kijana. Itafanya kazi, kweli. Lakini atakayesoma msimbo huo kesho hataweza kutofautisha mahali mwandishi alipojua yuko wapi na mahali alipokuwa anaogopa tu. irqsave, inayokumbuka hali ya interapti na kuirudisha, ni ya fanksheni inayoitwa kutoka pande zote mbili. Mwishowe tuliondoa kufuli lenyewe, maana kihesabu kimoja kisichohusiana na kingine hakihitaji zaidi ya atomic_long_t, namba inayobadilika kwa hatua moja isiyokatizwa. Saa tatu za kazi, matokeo mistari minne imefutwa.

Alhamisi, Machi 6

Stima imepotea tangu saa tatu asubuhi. Nimesoma msimbo wangu wa mwaka jana kwenye karatasi, kalamu mkononi. Sijaona kitu, ila nimeona aibu mahali pawili.

Jumatatu, Machi 10

Ghalani, hatimaye. Tumepitia Luthuli kununua kigeuzi cha siriali, kisha tukaingia barabarani na Fundi akiendesha. Kwenye mzunguko wa City Stadium tukakwama dakika arobaini. Matatu zilikuwa zimeingiza pua kutoka pande zote nne, kila moja imekalia nafasi ambayo nyingine inaihitaji. Mfano wa makutano ya barabara umechoka, kila mwalimu wa kompyuta ameutumia, lakini nilikuwa ndani yake nikiwa na daftari mapajani. Nikamwandikia kijana masharti manne ya mkwamo ambayo watafiti Coffman, Elphick na Shoshani waliyaeleza mwaka 1971: nafasi haikaliwi na wawili, kila mmoja anashika yake huku akisubiri ya mwenzake, hakuna anayeweza kunyang'anywa, na kusubiriana kumefunga duara. Ukivunja sharti moja tu, magari yanakwenda.

Makanga mmoja alishuka, akapiga ubavu wa basi mpaka dereva akarudi nyuma hatua mbili. Sharti la tatu limevunjwa. Kijana akauliza kama kerneli ina makanga. Kwa myuteksi za kawaida, makufuli ambayo anayeyakosa hulala akisubiri, haina, aliyeshika ameshika mpaka aachie mwenyewe. Wenye draiva za michoro walijitengenezea kitu kama hicho, ww_mutex, kilichoingia kwenye toleo 3.11 mwaka 2013. Pale wawili wakigongana, aliyeanza baadaye huambiwa aachie alivyoshika, arudi nyuma, ajaribu upya. Wanakihitaji kwa sababu hawajui mapema ni bafa zipi zitafungwa na kwa mpangilio gani. Sisi tunajua, au tulipaswa kujua.

Bodi tumeikuta imeganda nusu. Mtandao unajibu, siriali inanikaribisha, ls inafanya kazi. Nikaandika ps, amri ya kuorodhesha programu zinazokimbia. Ikatoa mistari kama kumi, ikasimama katikati ya orodha kama mtu aliyeona nyoka.

Nilifurahi. Mwenzangu akaniuliza ninachekea nini. ps ikitaka kuonyesha jina kamili la programu na maneno yake, husoma faili la cmdline ndani ya /proc, na kulisoma kunahitaji kufuli la ramani ya memori ya programu hiyo, mmap_lock, lililoitwa mmap_sem kabla ya toleo 5.8. Kwa hiyo ps inayoganda inakuambia mambo mawili kwa mpigo: kuna mtu ameshika mmap_lock na haachii, na ni ya programu gani. Ni ile inayofuata baada ya mstari wa mwisho uliochapishwa. Ilikuwa ya kwetu.

Ctrl-C, kisha herufi w ndani ya /proc/sysrq-trigger, na kerneli ikamwaga nyuzi zote (kazi zinazokimbia sambamba ndani ya programu) zilizolala usingizi usioamshika. Zilikuwa mbili, zote za programu yetu. Nimenakili kwa mkono pia, simwamini mtu na faili moja.

Jumanne, Machi 11

Uzi wa kwanza, niuite wa ripoti: umeita mmap. Kabla ya kufika kwa draiva yetu, kerneli imeshafunga mmap_lock kwa kuandika. Kisha ikaita fanksheni yetu ya mmap, na mstari wake wa kwanza ni mutex_lock ya mipangilio. Unasubiri.

Uzi wa pili, wa mipangilio: umeita write. Draiva yetu imefunga myuteksi ya mipangilio, kisha ikaita copy_from_user ili kuvuta data ya programu. Ukurasa wa data hiyo, yaani kipande chake cha memori, haukuwa kwenye memori. Kerneli ikaenda kuuleta, na kuuleta kunataka mmap_lock kwa kusoma. Unasubiri.

Wa kwanza ana mmap_lock anataka myuteksi, wa pili ana myuteksi anataka mmap_lock. Nimeutazama msimbo wa write mara mia na sikuwahi kuona kufuli la pili mle, kwa sababu halijaandikwa. Hakuna mstari unaosema mmap_lock. Kuna copy_from_user tu, fanksheni ninayoiita kama mtu anavyosema habari za asubuhi.

Na kwa nini ghalani tu, saa nane usiku tu? Programu husoma mipangilio kutoka faili lililowekwa kwenye memori kwa mmap, na huipitisha kwa draiva moja kwa moja kutoka hapo. Hapa mezani, kwenye gigabaiti nne, kurasa za faili hilo hazitoki kamwe, kwa hiyo copy_from_user haikosi ukurasa. Ghalani kuna 512, na saa nane usiku nakala ya hifadhi huanza kusoma faili zote za siku na kuzisukuma nje kurasa zilizokaa bure. Saa hiyo hiyo uzi wa ripoti hufunga ripoti ya jana na kuiweka upya ramani ya bafa. Kila usiku bahati nasibu inachezwa. Tumeshinda usiku mwingi kuliko tulivyostahili.

Kijana alikuwa amesoma kwamba tangu toleo 6.4 kosa la ukurasa, yaani ukurasa kukosekana kwenye memori, hushughulikiwa kwa kufuli dogo la eneo moja la memori, bila kugusa mmap_lock. Swali zuri, nikalazimika kufungua msimbo wa arm64, aina ya prosesa zetu, nithibitishe. Njia hiyo ya mkato ni ya makosa yanayotokea programu ikiwa inakimbia yenyewe. Yanayotokea ndani ya kerneli, kama haya ya copy_from_user, yanapelekwa moja kwa moja kwenye mmap_lock. Akaandika. Nami nikaandika.

Jumatano, Machi 12

Jambo la kukiri: kerneli ina mashine inayolinasa kosa hili, na tulikuwa tumeizima kwa sababu inapunguza kasi. Inaitwa lockdep, iliingia toleo 2.6.18 mwaka 2006, kazi ya Ingo Molnar na Arjan van de Ven. Leo nimeiwasha, kwa CONFIG_PROVE_LOCKING, kwenye bodi ya mezani.

Uzuri wake ni kwamba haisubiri mkwamo. Hukumbuka mpangilio: nani alifungwa wakati nani ameshikwa. Ikiona A kisha B saa mbili asubuhi, na B kisha A saa kumi jioni, inalalamika, hata kama nyuzi hizo hazikukutana kamwe. Na haifuatilii kila kufuli peke yake, inafuatilia jamii, yaani makufuli yote yaliyoanzishwa mahali pamoja kwenye msimbo ni ndugu. Zaidi ya hayo, copy_from_user ina alama ndani yake inayoiambia lockdep kwamba hapa mmap_lock inaweza kutakiwa, hata ukurasa usipokosekana. Kwa hiyo bodi yangu ya gigabaiti nne, isiyoweza kukwama, ingeweza kutusema tangu mwaka jana. Write moja, mmap moja.

Ila haikutusema leo asubuhi. Nimeandika, nimeweka ramani, kimya. Saa nzima nikadhani nimeelewa vibaya. Kumbe lockdep hutoa taarifa moja tu, kisha hujizima mpaka bodi iwashwe upya, na taarifa hiyo moja ilikuwa imeliwa na draiva ya onyesho iliyokuja na bodi, sekunde chache baada ya kuwaka. Waliotuuzia bodi walituhakikishia kila kitu kimepimwa. Nimeiondoa draiva ya onyesho kwenye ujenzi wa majaribio, na taarifa yetu ikatoka mara ya kwanza nilipojaribu, duara zima limechorwa, mistari ya msimbo imetajwa.

Ijumaa, Machi 14

Dawa tatu zilikuwa mezani.

Kijana alitaka mutex_trylock, inayojaribu kufunga bila kusubiri, ndani ya mmap, ikishindikana turudishe EAGAIN, yaani "jaribu tena". Nimekataa. Tungekuwa tumehamisha tatizo letu kwa mwandishi wa programu, naye angeandika kitanzi cha kujaribu tena na tena, halafu tungekuwa na bodi isiyoganda ila haifanyi kazi.

Fundi, asiyegusa kerneli lakini ana maoni, alisema tufungue myuteksi kabla ya copy_from_user na kuifunga tena baadaye. Inawezekana, mradi kila tulichokiangalia kabla ya kufungua tukiangalie upya baada ya kufunga, kwa sababu dunia imebadilika katikati. Nimeona draiva nyingi zilizosahau nusu hiyo ya pili.

Tuliyochagua ni ya kivivu. Data inavutwa kwanza kwa memdup_user, inayonakili data ya programu, kwenda kipande chetu cha memori, bila kufuli lolote mkononi. Ndipo tunafunga, tunakagua, tunabadilisha, tunafungua. Kisha nikaitazama mmap na kuuliza myuteksi inalinda nini pale. Bafa hutengwa draiva inapoanza na haibadiliki ukubwa mpaka draiva iondolewe. Hailindi kitu. Niliiweka mwenyewe, mwaka jana, nikiogopa. Imeondoka.

Jumatano, Machi 19

Mkwamo huu lockdep haikuuona.

Kuondoa draiva kwa rmmod kulisimama. Baada ya sekunde 120 kerneli ikaandika kwamba kazi imezuiwa, na rundo la fanksheni zilizoitwa lilionyesha tuko ndani ya free_irq, inayoachia interapti. Kadi yetu hutumia kishughulikia chenye uzi wake, kwa sababu kusoma SPI hulala na huwezi kulala ndani ya interapti halisi. Uzi huo hufunga myuteksi ya kadi. Fanksheni yetu ya kuondoa nayo hufunga myuteksi hiyo hiyo, kisha huita free_irq, ambayo husubiri uzi umalize. Uzi unasubiri myuteksi. Duara lina kona mbili, na moja yake haina umbo la kufuli kabisa, ni kusubiri tu mtu amalize kazi.

Familia hii ni kubwa kuliko nilivyodhani: cancel_work_sync, timer_delete_sync, kthread_stop, zote husubiri mtu. Kwa cancel_work_sync lockdep imefundishwa kuona. Kwa uzi wetu wa interapti ilikaa kimya, siilaumu. Nimehamisha free_irq juu ya mutex_lock, mstari mmoja umepanda ngazi sita. Kisha nikapitia msimbo wote nikitafuta neno sync, na kila lilipo nikauliza nimeshika nini mkononi.

Jumanne, Machi 25

Ugomvi wa heshima na kijana. Yeye alitaka kila njia ya vipimo iwe na kufuli lake, makufuli manane, ili prosesa nne zifanye kazi kwa wakati mmoja. Aliandika vizuri. Tatizo ni amri ya kubadilishana mipangilio kati ya njia mbili: lazima zifungwe mbili kwa pamoja, na mmoja akibadilisha 3 na 5 huku mwingine akibadilisha 5 na 3, tumerudi City Stadium. Suluhisho lake lilikuwa sahihi, namba ndogo kwanza daima, ndilo lile lile la kuhesabu uma katika fumbo la Dijkstra la wanafalsafa wanaogombania uma mezani. Lockdep ikalalamika hata hivyo, kwa kuwa makufuli manane ni jamii moja, na kufunga mbili za jamii moja inakuona unajirudia. Akatumia mutex_lock_nested, alama ya kuahidi kwamba mpangilio ni salama, kuituliza.

Hapo ndipo niliposita. Alama ile ni ahadi, na lockdep humwamini anayeahidi. Siku mtu atakapoandika namba kubwa kwanza akiwa na alama ile ile, mashine itanyamaza.

Nikamwuliza njia nane zinapitia nyaya ngapi za SPI. Mmoja. Zinasubiriana huko chini vyovyote vile. Kufuli moja. Alinuna mpaka chakula cha mchana. Nikamsimulia juu ya chapati kwamba Linux yenyewe ilianza kutumia prosesa nyingi mwaka 1996, toleo 2.0, ikiwa na kufuli moja kubwa la kerneli nzima, na mabaki yake yaliondolewa kabisa kwenye 2.6.39, mwaka 2011. Akasema, "Kwa hiyo dada, 2040 nitaruhusiwa manane?"

Ijumaa, Machi 28

Mvua ya jioni, Ngara yote maji, nimebaki ofisini.

Juu ya faili la draiva sasa kuna maelezo ya mpangilio wa makufuli, mtindo tuliouiba kutoka faili la kerneli yenyewe, mm/filemap.c, ambako orodha ya nani hufungwa ndani ya nani imeandikwa mwanzoni kabisa. Yetu ni fupi: mmap_lock nje, myuteksi ya kadi ndani yake ikibidi, spinloki ya bafa ndani kabisa, na chini yake sentensi ya kijana: "Usiguse memori ya programu ukiwa na kufuli letu mkononi." Kwa kuwa maelezo hayakagui kitu, kila fanksheni inayotarajia myuteksi imefungwa sasa inaanza na lockdep_assert_held, inayolalamika kufuli likikutwa wazi. Mbili zilipiga kelele siku hiyo hiyo, zote zangu.

Ghalani toleo jipya limewekwa Jumatatu ya wiki iliyopita, na rekebisho la rmmod likafuata Alhamisi. Usiku kumi na moja, nakala za hifadhi kumi na moja. Jana tuliijaribu kwa nguvu: kijana aliijaza memori ya bodi kwa makusudi, akaanzisha mmap na write kwa pamoja kwenye kitanzi, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi nikaandika ps. Ikamaliza orodha.

Mteja ametuma picha nyingine, ya maboksi ya waridi. Hii nayo haina maneno.

Jumatatu: kupitia upya kila tunapoita spi_sync, inayoongea na kadi na kusubiri jibu. Fundi anasema mteja anauliza kuhusu PREEMPT_RT, Linux ya muda halisi, na huko spinloki za kawaida hulala.